Dawa ya Kampuni, Maji ya Kaunti

Hotuba kuhusu trakoma na uwajibikaji wa kampuni kwa afya ya jamii za wafugaji, iliyotolewa mbele ya kamati za vituo vya afya, wahamasishaji wa afya ya jamii, wazee, vikundi vya kina mama na wawakilishi wa kampuni katika Kaunti ya Kajiado. Inachapishwa hapa kwa ukamilifu.



Mada ya leo ni uwajibikaji wa kampuni kwa jamii, na hasa jinsi unavyoweza kuinua afya ya jamii za asili zinazoishi kwa ufugaji. Mara nyingi mada hii huishia kwenye picha: kampuni imekata utepe, chifu ameshukuru, kina mama wameimba, na gari limerudi Nairobi kabla jua halijatua. Picha hiyo haina ubaya, lakini haielezi kama kuna mgonjwa aliyepona. Kwa hiyo hotuba hii itachukua ugonjwa mmoja tu, trakoma, na kuufuata kutoka kwenye uso wa mtoto bomani hadi kwa kampuni inayotoa dawa yake bure, kisha kurudi bomani kuona kilichobadilika na ambacho hakikubadilika.

Trakoma ni ugonjwa wa macho unaoambukiza. Ndugu wa Tanzania huuita vikope. Husababishwa na bakteria aitwaye Chlamydia trachomatis, naye husafiri kwa vidole, kwa kitambaa na kwa nzi. Mtoto huanza kwa macho mekundu na tongotongo. Mama humfuta kwa ncha ya shuka, na ncha hiyo hiyo humfuta mdogo wake. Jicho hupona, kisha huambukizwa tena mwezi mwingine, na tena mwaka unaofuata. Maambukizi ya mara moja hayampofushi mtu. Kinachopofusha ni kule kurudi kwake kwa miaka mingi, mpaka upande wa ndani wa kope ukajaa makovu, makovu yakavuta ngozi, na nywele za kope zikageuka kuelekea ndani. Kuanzia hapo kila anapopepesa macho nywele hukwaruza kioo cha jicho. Mtu mzima hupepesa macho maelfu ya mara kwa siku, na kila mara ni kama mchanga.

Wengi hapa wamewahi kumwona mama au nyanya aliyefikia hali hiyo. Hukaa kivulini kwa sababu mwanga humuumiza. Hubeba kibano kidogo shingoni au mfukoni, na jirani au mjukuu humng'olea nywele za kope zinazomchoma. Nywele huota tena, fupi na ngumu zaidi. Hatimaye kioo cha jicho hubadilika rangi kikawa cheupe, na hapo hakuna dawa inayorudisha kilichopotea. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake hupofushwa na trakoma hadi mara nne zaidi ya wanaume. Sababu inaeleweka bila kuhitaji mtaalamu: ndio wanaokaa na watoto, na watoto ndio wenye bakteria. Na mama akipofuka, kwa kawaida msichana mmoja hutolewa shuleni awe fimbo yake. Hasara hiyo haiandikwi kwenye rejista ya zahanati.

Nchini Kenya ugonjwa huu umejikita zaidi katika kaunti za wafugaji na maeneo kame: Turkana, Marsabit, Samburu, Pokot Magharibi, Baringo, Narok, Kajiado na nyinginezo. Ramani ya trakoma ukiiweka juu ya ramani ya uhaba wa maji, utaona zinakaribiana sana. Si ugonjwa wa kabila fulani. Ulaya na Amerika ya Kaskazini nako ulikuwako, ukaondoka pale maji ya bomba na usafi wa makazi ulipofika, hata kabla ya dawa za kisasa kupatikana. Oman ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imeutokomeza kama tatizo la afya ya umma, mwaka 2012. Moroko ikafuata 2016, Ghana 2018, na Malawi 2022. Mwaka 2002 watu walioishi katika maeneo yenye hatari ya trakoma duniani walikadiriwa kuwa bilioni 1.5. Kufikia 2024 walikuwa milioni 103. Huu ni ushindi mkubwa, na kampuni moja ya dawa ina sehemu yake ndani yake.

Kampuni hiyo ni Pfizer ya Marekani. Dawa ni azithromisini, inayouzwa kwa jina la Zithromax. Kabla yake tiba iliyokuwapo ilikuwa mafuta ya macho ya tetrasaiklini, ambayo mama alipaswa kumpaka mtoto mara mbili kwa siku kwa wiki sita. Aliyewahi kumshika mtoto wa miaka mitatu ampake dawa ya macho inayowasha anajua wiki sita ni ndefu kiasi gani. Azithromisini humezwa mara moja kwa mwaka. Mwaka 1998 Pfizer, pamoja na wakfu wa Edna McConnell Clark, walianzisha mpango wa kimataifa wa trakoma ili dawa hiyo itolewe bure, na hadi sasa dozi zilizotolewa zimepita bilioni moja.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu namna zawadi hiyo ilivyopangwa ina mafunzo kuliko ukubwa wake. Kampuni haiji kijijini na katoni za dawa. Wizara ya Afya ya nchi ndiyo inayoomba. Ombi lazima liwe na takwimu za uchunguzi: katika wilaya au kaunti ndogo fulani, watoto wa mwaka mmoja hadi tisa wenye dalili ni asilimia ngapi? Kati ya 2012 na 2016 ulifanyika uchunguzi mkubwa wa kuchora ramani ya trakoma duniani, uliogharimiwa zaidi na serikali ya Uingereza, ambapo watu milioni 2.6 katika nchi 29 walikaguliwa macho mmoja mmoja, na majibu yakaingizwa kwenye simu za mkononi hapo hapo kijijini. Ombi hupitiwa na kamati ya wataalamu. Na serikali inayoomba hutakiwa kuonyesha kwamba haitegemei vidonge peke yake, bali ina mpango mzima.

Mpango huo una sehemu nne, na Shirika la Afya Duniani limeupendekeza tangu miaka ya 1990: upasuaji wa kope zilizogeuka, dawa kwa jamii nzima, usafi wa uso, na kuboresha mazingira, yaani maji na vyoo. Kampuni ya dawa inatoa sehemu ya pili. Tatu zilizobaki hazitengenezwi kiwandani.

Kampuni pia haitoi bila kupata kitu. Hupata jina zuri, na kwa sheria za nchi yake utoaji wa dawa kama msaada huweza kuleta nafuu ya kodi. Hakuna haja ya kulificha hilo wala kulikasirikia. Mtu akikuletea ng'ombe wa maziwa naye akafurahi kusifiwa, kazi yako ni kuangalia kama ng'ombe anatoa maziwa.

Sasa turudi bomani. Siku ya kugawa dawa, wahamasishaji wa afya hupita boma kwa boma na fimbo yenye alama. Mtoto husimama kando ya fimbo, na urefu wake ndio unaoonyesha kipimo chake, kwa sababu mizani hazibebeki kirahisi na urefu hukaribiana na uzito vya kutosha. Wadogo hupewa ya maji, wakubwa vidonge. Watoto chini ya miezi sita hawapewi azithromisini, hupewa mafuta ya tetrasaiklini. Kila mtu humeza mbele ya mgawaji. Lengo ni kuwafikia angalau watu wanane kati ya kila kumi, na hapo ndipo wafugaji wanapopotea kwenye hesabu. Zoezi likipangwa wakati wa ukame, wanaume na vijana wako mbali na mifugo, wengine wamevuka hadi kaunti jirani au hadi upande wa Tanzania. Bakteria hukaa nao huko, kisha hurudi nao mvua zinaponyesha. Ndiyo maana kalenda ya kugawa dawa lazima ipangwe na wazee wanaojua mifugo itakuwa wapi, na ndiyo maana kaunti za mpakani zinahitaji kugawa dawa kwa wakati mmoja na majirani zao.

Mkipata watu wanane kati ya kumi, maambukizi hushuka haraka. Swali ni yanashuka kwa muda gani. Katika maeneo mengi ya wafugaji Afrika Mashariki na Ethiopia dawa imegawanywa mwaka baada ya mwaka na ugonjwa bado hurudi dawa inapoachwa. Kidonge huua bakteria aliyepo leo. Hakiwezi kuosha uso kesho.

Kuhusu kuosha uso kuna ushahidi wa karibu. Katika vijiji vya Kongwa, mkoani Dodoma, Tanzania, watafiti walifanya jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1995. Baadhi ya vijiji vilipewa dawa ya macho pekee, vingine vilipewa dawa pamoja na kampeni kali ya kunawisha watoto nyuso. Watoto walioendelea kuwa na nyuso safi walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kupata trakoma kali. Kongwa ni kukavu kama sehemu nyingi za Kajiado Magharibi. Jambo jingine lililojitokeza huko ni kwamba wanawake waliamini uso wa mtoto unahitaji maji mengi kuliko unavyohitaji. Walipooneshwa, waligundua lita moja hunawisha nyuso nyingi sana. Mama anayetembea saa tatu kutafuta mtungi wa lita ishirini hawezi kulaumiwa akiweka maji ya kunywa na ya kupikia mbele. Lakini akipata kibuyu chirizi, yaani kile kibuyu au galoni iliyotobolewa ikining'inizwa kwa kamba na kijiti cha kuinamishia, kikombe kimoja cha maji kinaweza kutosha watoto wa boma zima kunawa asubuhi. Kibuyu chirizi hakina nembo ya kampuni yoyote. Kinagharimu galoni kuukuu na msumari.

Kuna neno pia la kusema kuhusu nzi, kwa sababu hapa wafugaji wamelaumiwa isivyo haki. Wageni wengi wakiona nzi kwenye uso wa mtoto wa Kimaasai husema ni kwa sababu ya ng'ombe. Na baadhi ya wazee nao husema nzi ni dalili ya boma lenye mali. Nzi anayependa zaidi kutua machoni, Musca sorbens, huzaliana vizuri zaidi kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi kuliko kwenye samadi ya ng'ombe. Hazaliani ndani ya choo cha shimo. Kwa maneno mengine, mtu anaweza kuwa na ng'ombe mia mbili na nyuso safi za watoto, mradi kuna choo na watu wanakitumia. Ujumbe wa aina hii hupokelewa vizuri zaidi kuliko ule unaomwambia mfugaji kwamba maisha yake ni uchafu. Kwa familia zinazohama, choo cha kudumu ni mzigo, na hapo kuzika kinyesi kwa jembe dogo ni hatua ya kwanza inayowezekana.

Maji basi. Hapa ndipo kampuni nyingi zenye nia njema huingia, kwa sababu kisima ni zawadi inayoonekana. Na hapa ndipo kuna kosa linalorudiwa katika Bonde la Ufa lote. Maji ya chini ya ardhi katika bonde hili hubeba floridi nyingi kutokana na miamba ya volkano. Kipimo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi vya bonde hili huzidi hapo. Ziwa Turkana lenyewe huzidi mara kadhaa, na ndiyo sababu watu wa El Molo, ambao kwa vizazi walikunywa maji ya ziwa hilo, wana meno yaliyobadilika rangi na wengine mifupa ya miguu iliyopinda. Mtoto anayekunywa floridi nyingi wakati meno yanaota hubaki na madoa ya kahawia maisha yote. Kampuni ikichimba kisima, ikaweka tenki la buluu na kibao, kisha isipime maji, imetoa maji ya kunawa uso na ugonjwa wa mifupa kwa wakati mmoja.

Kupima floridi si jambo la gharama kubwa ukilinganisha na kuchimba. Na tiba ya maji hayo ipo: mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri kwa joto kali lililodhibitiwa, husagwa, na maji hupitishwa ndani yake yakaacha floridi nyuma. Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru imefanya kazi hii kwa miaka mingi. Jamii yenye ng'ombe haikosi mifupa, kwa hiyo hapa kuna biashara ambayo kikundi cha vijana kingeweza kuianza, kampuni ikitoa tanuri na mafunzo. Kichujio hicho huchoka na lazima mkaa ubadilishwe. Anayetoa kichujio aseme pia nani atabadilisha mkaa baada ya mwaka wa pili.

Upasuaji nao hauhitaji hospitali kubwa. Afisa wa kliniki au muuguzi aliyefunzwa macho anaweza kurekebisha kope katika zahanati, kwa sindano ya ganzi, mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyo hiyo na bandeji. Bado wengi huitwa na hawaji. Wanaogopa kisu machoni, au hawana wa kuwaachia mbuzi, au mume hajaamua, au kuna aliyefanyiwa zamani na nywele zikarudi. Sababu hii ya mwisho ni ya kweli: upasuaji ukifanywa haraka haraka ili kufikisha idadi, kope hugeuka tena. Kampuni inayofadhili kambi ya upasuaji ya siku tatu hupenda kutangaza idadi ya waliofanyiwa. Ni bora iulizwe idadi ya waliorudiwa kukaguliwa miezi sita baadaye. Mgonjwa mmoja aliyepona vizuri katika boma huleta wengine watano bila tangazo la redio, na aliyeumizwa huwafukuza kumi.

Hadi hapa kampuni iliyotajwa iko mbali, ng'ambo ya bahari. Kuna zile zilizo juu ya ardhi ya jamii yenyewe, na hizo ni habari nyingine.

Kajiado inaijua habari hiyo kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1911 ulikuwa mwaka wa mkataba wa pili wa Wamaasai na serikali ya kikoloni, ule uliowahamisha kutoka Laikipia, na ndio mwaka kampuni ya magadi ilipoanzishwa. Ziwani Magadi, mahali pa joto kali na chumvi, kampuni ilijenga mji wake wote: nyumba, reli, maji na hospitali. Hospitali ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi, lakini wafugaji wa karibu nao wamekuwa wakitibiwa hapo, kwa kuwa hospitali nyingine iko mbali. Tangu mwaka 2005 kampuni hiyo iko chini ya Tata Chemicals ya India. Hospitali ya aina hii ni baraka kwa mama anayejifungua usiku. Lakini ni busara kukumbuka kwamba hospitali inayotegemea kampuni inategemea pia bei ya bidhaa katika soko la dunia, na mama mjamzito hapaswi kutegemea bei ya magadi. Ndiyo maana zahanati za kaunti pembeni mwake zinapaswa kuimarishwa wakati kampuni bado ina nguvu.

Kaskazini, huko Laisamis katika Kaunti ya Marsabit, kuna mitambo 365 ya upepo ya mradi wa Ziwa Turkana, yenye uwezo wa megawati 310, na barabara ya zaidi ya kilomita 200 iliyotengenezwa ili kuifikisha huko. Mradi ulianzisha wakfu wake wa kusaidia jamii katika afya, maji na elimu. Hata hivyo, mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyokaa Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo hazikupatikana kwa kufuata sheria. Mtu anaweza kusifu zahanati iliyokarabatiwa na kuheshimu kesi ya ardhi kwa wakati mmoja. Msaada wa afya haulipi deni la ardhi. Jamii inayoambiwa ichague kati ya malisho yake na dawa za watoto wake imewekewa mtego.

Sheria zipo za kuondoa mtego huo, na zinafaa kujulikana bomani, si mjini pekee. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa. Kifungu cha 56 kinaitaka serikali iweke mipango ya kuhakikisha jamii za wachache na zilizotengwa zinapata maji, huduma za afya na miundombinu, na Kifungu cha 260 kinawataja wafugaji na wawindaji miongoni mwa jamii hizo. Jedwali la Nne linaziweka zahanati, vituo vya afya na huduma za maji mikononi mwa kaunti. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema makubaliano ya uwekezaji katika ardhi ya jamii hayana nguvu mpaka yaidhinishwe na thuluthi mbili ya wanachama wazima katika mkutano wa jamii. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii inayochimbiwa. Na kanuni za 2017 zinawataka wenye leseni kubwa za uchimbaji waingie makubaliano ya maendeleo na jamii, wakitenga angalau asilimia moja ya mapato yao ghafi ya madini.

Kwa hiyo si kila kinachotolewa ni zawadi. Kingine ni haki iliyochelewa ikavalishwa karatasi ya zawadi. Kamati za afya zijifunze kutofautisha, kwa adabu, kwa sababu anayepokea haki yake haulizwi ashukuru kwa kunyamaza.

Wageni kutoka kampuni wasilichukulie hili kama karipio. Wengi wanauliza swali zuri: tusaidie nini? Jibu kwa upande wa trakoma si gumu. Jengo jipya la zahanati huwa ni wazo la kwanza, na mara nyingi ndilo lisilofaa. Jengo hugharimu mara moja, muuguzi hugharimu kila mwezi. Zahanati bila muuguzi ni stoo ya popo. Kabla ya jiwe la msingi kuwekwa, Idara ya Afya ya Kaunti iandike kwamba nafasi ya muuguzi imo katika bajeti ya mwaka husika, na mradi uwe ndani ya Mpango Jumuishi wa Maendeleo ya Kaunti wa 2023 hadi 2027 au mpango wa mwaka. Kama hauwezi kuingia humo, kampuni ielekeze fedha kwingine.

Kwingine ni kwingi. Kuna mafunzo ya afisa mmoja wa macho kwa kila kaunti ndogo, pamoja na seti yake ya vifaa. Kuna vipimo vya maji kwa kila kisima kilichopo, hata vile vilivyochimbwa na kampuni nyingine. Kuna vipuri vya pampu na fundi wa kijiji mwenye spana, kwa sababu visima vilivyokufa kwa ajili ya kipuri kidogo ni vingi kuliko visima ambavyo havijachimbwa. Kuna vyoo vya shule na matenki ya kuvuna maji ya mvua kwenye mabati ya shule, ili mtoto anawe uso saa nne akiwa darasani hata kama nyumbani hakukuwa na tone. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachopendeza kwenye picha, na kampuni itakayokubali kufadhili vipuri itakuwa imeonyesha imekuja kwa nia ya kukaa.

Wahamasishaji wa afya ya jamii wanastahili maneno yao wenyewe. Tangu Septemba 2023, serikali ya kitaifa na kaunti zimewapa vifaa na kuanza kuwalipa posho kwa pamoja. Ndio wanaojua boma lipi lina mama mwenye kibano. Kampuni nyingi huwakodi kwa siku mbili kugawa fulana na vipeperushi. Wakodiwe kwa kazi yao: kuhesabu nyuso safi, kuandika waliokosa dawa na mahali walipohamia, kumsindikiza mama hadi kwenye upasuaji na kumrudia nyumbani. Orodha hiyo ikifika kwa msimamizi wa zahanati na nakala ikafika kwa mfadhili, wote wawili watajua kama fedha zimefanya kazi, bila kungoja ripoti yenye jalada la kung'aa.

Kipimo cha mwisho kipo na kinajulikana. Shirika la Afya Duniani linataka watoto wa mwaka mmoja hadi tisa wenye dalili za trakoma wawe chini ya asilimia 5, na watu wazima wenye kope zilizogeuka ambao mfumo wa afya hauwajui wawe chini ya wawili kati ya kila elfu moja. Maneno "ambao mfumo wa afya hauwajui" yana uzito wake. Kaunti haiwezi kudai imeushinda ugonjwa huku mama mmoja mmoja akiwa amekaa kivulini na jina lake halimo katika daftari lolote.

Kwa hiyo kuna ombi moja kwa kila aliyeketi hapa. Leo jioni, kabla ya kulala, ulizeni nyumbani na kwa jirani kama kuna mtu anayeng'olewa nywele za kope. Mwenye mtu huyo ampeleke kwenye zahanati iliyo karibu au ampe jina mhamasishaji wa afya wa kijiji. Aambiwe asiache kuja kwa kufikiri amechelewa: jicho likiwa bado linaona hata kidogo, upasuaji huokoa kile kilichobaki. Wenye watoto wachanga waliokosa dawa siku ya kugawa, wao pia waje. Mafuta ya tetrasaiklini yatolewe kwao kituoni.